Kipindupindu cha Bongaon

Ubaya wa kipindupindu ni kuukausha mwili. Mgonjwa huhara na kutapika hata maji na chumvi zimwishe, na asiporudishiwa aweza kufa siku ile ile aliyougua. Jambo hili lilijulikana zamani, kwani katika mwaka wa 1832 Thomas Latta, tabibu wa Scotland, aliwatia wagonjwa maji ya chumvi mishipani, na baadhi yao wakainuka. Lakini tiba hiyo yataka chupa, sindano na mkono uliofundishwa, na maradhi haya hupenda kuingia mahali ambapo vitu hivyo havipo.

Ndivyo ilivyokuwa katika mwaka wa 1971. Mlipuko mkuu wa saba wa kipindupindu, ulioanzia Indonesia mwaka wa 1961, ulikuwa umekwisha enea Asia na kuingia Afrika. Vita vya Pakistani ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh, vikawafukuza mamilioni ya watu, wakakimbilia India. Katika mji wa Bongaon, karibu na mpaka, Dakta Dilip Mahalanabis alikuta vyumba viwili vya hospitali vimejaa wagonjwa waliolala sakafuni. Aliyetaka kumtia mmoja wao maji mshipani ilimlazimu kupiga magoti katika matapishi na uchafu. Katika muda wa siku mbili akatambua kwamba watashindwa: maji ya mishipani hayakutosha, na wenziwe wawili tu ndio waliojua kuyatia.

Basi akashika njia nyingine. Uchunguzi wa Dhaka, uliotangazwa mwaka wa 1968, ulikuwa umeonyesha kwamba sukari huyasaidia matumbo kufyonza chumvi na maji hata wakati wa kipindupindu. Lakini hayo yalikuwa yamejaribiwa hospitalini, mbele ya macho ya madaktari, na wengi walidhani kwamba watu wasiofundishwa hawawezi kuaminiwa nayo. Mahalanabis hakuwa na nafasi ya kungoja. Katika kila lita ya maji zikatiwa gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za magadi. Maji hayo yakawekwa katika mapipa yenye bilula, na jamaa za wagonjwa wakaja na vikombe, wakateka, wakawanywesha. Maji ya mishipani yakaachiwa waliozidiwa, mpaka wapate nguvu za kunywa.

Kwa muda wa miezi miwili hivi walitibiwa watu zaidi ya 3,000, wakafa 3.6 tu katika kila mia. Hapo kwanza kambini walikuwa wakifa hata 30. Hata hivyo wako wataalamu waliokawia kusadiki. Katika mwaka wa 1978 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wake wa kupambana na maradhi ya kuhara, na dawa hiyo ikafika vijijini katika nchi nyingi.

Chumvi na sukari zilikuwamo majumbani tangu zamani. Kilichokuwa kimekosekana ni tabibu wa kumkabidhi mama kikombe na kumwamini.