Pikipiki Zilizobeba Injini Zisizo Zao

Fundi akiletewa injini kubwa kuliko fremu, kuifunga si tatizo. Chuma kitakatwa, kitachomelewa, nafasi itapatikana. Kazi ni kuifikisha nguvu ya injini hiyo kwenye tairi la nyuma bila kitu kukatika njiani. Tangu mwanzo wa karne ya 20 kumekuwa na ukoo wa mafundi waliohangaika na jambo hilo, wengine kwa gia, wengine kwa magurudumu ya kumimina, na mmoja kwa moshi.

Wa kwanza wao ni Glenn Curtiss, mzaliwa wa Hammondsport, mji mdogo wa jimbo la New York, mwaka 1878. Alianza kwa kushindana mbio za baiskeli, akafungua duka la baiskeli, kisha akaanza kuzifunga injini. Inasimuliwa kwamba kabureta yake ya kwanza aliitengeneza kwa kopo la supu ya nyanya, jambo ambalo halitamshangaza aliyewahi kukaa gereji zetu. Injini zake zilikuwa nyepesi na hazikuzimika ovyo, na sifa hizo mbili ndizo walizokuwa wakizitafuta watu wa angani. Mwaka 1904 Thomas Baldwin alifunga injini ya pikipiki ya Curtiss kwenye puto lake la kuongozwa, California Arrow, nalo likaruka na kurudi lilipotoka.

Warusha maputo walipotaka nguvu zaidi, Curtiss aliwatengenezea injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa lita 4.4 hivi na nguvu za farasi 40. Kabla haijapanda angani akaamua kuijaribu ardhini, juu ya magurudumu mawili. Cheni na mikanda ya enzi hizo isingeihimili, kwa hiyo akapeleka nguvu moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti ya chuma na meno.

Tarehe 24 Januari 1907, kwenye mchanga mgumu wa Ormond Beach, Florida, alilala juu ya chuma hicho akaimaliza maili moja kwa sekunde 26.4. Hiyo ni zaidi ya kilomita 219 kwa saa, mwendo ambao hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuusafiri kwa chombo chochote. Magazeti yakamwita mtu mwenye kasi kuliko wote duniani. Alipokuwa akirudia njia, kiungo cha shafti kilikatika, shafti ikapiga huku na huko, fremu ikajikunja. Curtiss akafanikiwa kusimama akiwa mzima, lakini rekodi haikuingizwa rasmi. Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla pikipiki nyingine kufika mwendo huo. Yeye mwenyewe alihamia kwenye ndege na kuwa tajiri, na pikipiki ile ikaishia kwenye hifadhi ya Smithsonian. Injini ilishinda, kiungo kikashindwa. Na katika biashara hii karibu kila mara huwa hivyo.

Nusu karne baadaye, kule Michigan, E. J. Potter alichukua injini ya Chevrolet ya silinda nane, ile ya kuvutia gari la familia nzima, akaikalisha kwenye fremu ya pikipiki. Hapakuwa na klachi wala giaboksi ambayo mtu wa kipato chake angeimudu na ambayo ingestahimili. Potter akaamua kutoweka chochote. Pikipiki ilisimamishwa kwenye standi, gurudumu la nyuma likiwa hewani, injini ikawashwa na gurudumu likazungushwa kwa kasi kubwa. Halafu akaisukuma itoke kwenye standi. Tairi likigusa lami liliteleza na kuungua, moshi ukatanda, na kadiri lilivyopata mshiko ndivyo pikipiki ilivyozidi kukimbia. Mtelezo wa mpira ndio uliofanya kazi ya klachi. Watu walilipa viingilio kumtazama katika viwanja vya mbio fupi miaka yote ya 1960. Moja ya mashine zake aliipa jina Widowmaker, yaani mfanya-wajane, lakini mke wake hakuachwa mjane na pikipiki hiyo: Potter alizeeka, akafariki mwaka 2012. Mimi namhesabu fundi mkubwa kuliko wengi waliomfuata wakiwa na fedha, kwa sababu alitazama kilichokosekana akaona kinaweza kukosekana.

Friedel Münch alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mjerumani huyu, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha Horex, mwaka 1966 aliunda pikipiki kwa injini ya gari dogo la NSU Prinz, silinda nne, sentimita za ujazo 996. Leo namba hiyo haimshtui mtu. Wakati ule pikipiki kubwa ya kawaida ilikuwa na 650. Spoki za gurudumu la nyuma hazikustahimili msukumo huo, basi Münch akamimina gurudumu zima kwa aloi ya magnesiamu. Breki ya mbele nayo aliibuni mwenyewe, kwa kuwa dukani hapakuwa na iliyotosha kusimamisha uzito ule. Ikajulikana kwa jina la Mammut. Floyd Clymer, mchapishaji wa Los Angeles, alimwaga fedha, lakini Münch alikuwa fundi zaidi ya mfanyabiashara, akawa anabadilisha kitu karibu kwenye kila pikipiki inayotoka. Kampuni ikapita mikono kadhaa. Pikipiki zilizotoka ni mia chache tu, na wakusanyaji wanazigombania mpaka sasa.

Brazil ilikuwa na sababu nyingine. Serikali ilipofunga mlango kwa pikipiki za nje mwaka 1976, aliyetaka pikipiki kubwa alibaki na kilichokuwepo nchini, na kilichokuwepo tele ni injini ya Volkswagen ya mgongo wa kobe. Pikipiki ya Amazonas ikaanza kuuzwa mwaka 1978 ikiwa na injini hiyo ya 1600 pamoja na giaboksi yake ya gari, na kwa hiyo ikaja na gia ya rivasi. Kwa chombo cha karibu kilo 400 hiyo haikuwa anasa. Hata polisi waliiendesha.

Rivasi utaikuta pia kwenye pikipiki za Boss Hoss, ambazo Monte Warne alianza kuziunda mwaka 1990 huko Dyersburg, Tennessee, akirudia injini ya Chevrolet, lita 5.7. Silinda moja tu ya injini hiyo ina zaidi ya sentimita za ujazo 700, karibu bodaboda tano za 150. Gia zikawa mbili za nusu-otomatiki, kwani yenye nguvu kiasi hicho haihitaji tano.

Baada ya hapo yalianza maonyesho. Kampuni ya MTT ya Louisiana ilifunga injini ya helikopta, Rolls-Royce Allison 250, kwenye pikipiki ya Y2K. Mchekeshaji Jay Leno, anayemiliki moja, amesimulia jinsi moshi wake ulivyoyeyusha bampa la gari lililokuwa nyuma. Mwaka 2003 Dodge wakaleta Tomahawk, lita 8.3, farasi 500, magurudumu manne yaliyowekwa mawili mawili. Walidai ingepita maili 300 kwa saa, na hakuna aliyeifikisha kwenye kasi hiyo. Sioni cha kuisifu.

Mafundi wa Harzer Bike Schmiede, kijijini Zilly, Ujerumani, angalau waliendesha cha kwao: pikipiki yenye injini ya kifaru cha Kisovieti T-55, lita 38, uzito wa tani 4.749, ikaingia kitabu cha Guinness mwaka 2007.

Triumph ya Uingereza iliingia kimyakimya. Rocket III ya mwaka 2004, ujazo wa 2294, iliuzwa kwenye duka la kawaida na garantii yake, na mwaka 2019 ikapandishwa hadi 2458. Ndiyo injini kubwa kuliko zote katika pikipiki zinazotengenezwa kwa wingi, na haikuazimwa popote. Ukifungua mafuta kwa pupa, kompyuta inahisi tairi likianza kuteleza na kupunguza nguvu kabla mpira haujatoa moshi.