Gibb River Road: njia ya vumbi na mabonde ya mawe huko Australia

Wengi wetu tunaijua Australia kupitia ndugu na majirani waliopokelewa kule kama wakimbizi. Hao mara nyingi wanaishi mijini. Lakini kaskazini-magharibi mwa inchi hiyo kuna eneo la Kimberley, lenye kilomita za mraba zaidi ya 420,000, na wakaaji wake hawafiki 50,000. Ndani yake inapita Gibb River Road. Watu wanaifuata siku nyingi, wakilala katika hema, ili kuona mabonde membamba yenye kuta ndefu za mawe.

Njia ya ng'ombe

Ina urefu wa karibu kilomita 660, kutoka mji wa Derby hadi karibu na Kununurra. Ilitengenezwa ili malori yatoe ng'ombe katika maferme ya ndani na kuwafikisha bandarini, Derby na Wyndham. Watalii walikuja nyuma. Hadi leo unaweza kupishana na lori lenye kuvuta remorki tatu. Vumbi lake linafunika njia yote, kwa hiyo shofere mwenye akili anasimama kando na kungoja.

Mvua ikinyesha, njia inafungwa

Kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4 ni mvua kali. Mito inajaa, matope yanameza magari, na serikali inafunga njia. Anayepita kwa nguvu anaweza kulipa amande. Safari zinafanyika kiangazi, mwezi wa 5 hadi wa 10.

Hata kiangazi, mito kadhaa haina daraja. Kwa kawaida mtu angeshuka kwanza na kupima maji kwa miguu. Kwenye mto Pentecost haifai hata kidogo, sababu mule mnakaa mamba wakubwa wa maji ya chumvi. Unaangalia wengine wanavyopita, ao unangoja maji yapunguke.

Gari linatayarishwa namna gani?

Udongo umejikunja kama bati la nyumba, na mtikisiko unalegeza kila kitu. Wasafiri wanapunguza hewa katika mipira ya gari, wanatembea polepole, na wanabeba mipira miwili ya akiba. Esansi ni ya kupangia hesabu: ukitoka Derby, kituo cha Mount Barnett kiko karibu kilomita 300 mbele. Maji ya kunywa yanabebwa mengi kupita mahitaji ya safari.

Na gari likiharibika mahali hakuna mtu? Kanuni inayofundishwa kila pahali Australia ni moja: usiliache gari. Gari linatoa kivuli, na anayekutafuta kwa ndege ataliona upesi kuliko mtu mmoja porini. Wengi walioanza kutembea kwa miguu katika joto la namna hiyo walikufa kwa kiu, na gari lao likapatikana mbele yao.

Simu ya kawaida haishiki sehemu kubwa ya njia. Kwa hiyo watu wanabeba simu ya setilaiti na redio ndogo ya gari. Ni desturi ya zamani: madaktari wa ndege walianza kazi Australia mwaka 1928, na kuanzia 1929 maferme ya mbali yalipewa redio yenye kuzungushwa kwa miguu kama kinga, ili kuita daktari.

Inchi ina wenyewe

Mabonde hayo si pori tupu. Windjana, ambalo Wabunuba wanaita Bandilngan, lina kuta zinazofikia mita 100. Mawe yake yalikuwa mwamba wa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Karibu yake kuna Tunnel Creek, mto unaopita ndani ya pango; wageni wanavuka gizani na tochi mkononi.

Humo ndimo alijificha Jandamarra, kijana Mbunuba aliyefanya kazi na polisi. Mwaka 1894 alimuua polisi mmoja, akawafungua watu wake waliokuwa wamefungwa minyororo, na akapigana na wazungu waliochukua ardhi kwa ajili ya ng'ombe. Aliuawa mwaka 1897 palepale Tunnel Creek. Mwaka 2012 tribinali ilitambua haki ya Wabunuba juu ya ardhi yao. Leo wanashiriki kuongoza mbuga hizo mbili, na mgeni anayepiga hema anafuata masharti yao pia.