Somo la Afya na Sheria: Daftari la Dawa

Wenye kijitabu, someni pamoja nasi.

Je, umepata kusimama dirishani pa zahanati, ukamwona mtoa dawa akiandika jina lako polepole katika daftari, nawe ukanung'unika, "Mimi naumwa, yeye anaandika"? Leo yafaa ujue kwa nini anaandika. Twende Marekani, mwaka 1937.

Siku zile ilikuwako dawa iitwayo sulfanilamidi, iliyoponya magonjwa ya koo. Ilikuwa ya vidonge na ya unga. Kampuni ya S. E. Massengill, ya mji wa Bristol katika jimbo la Tennessee, ikataka kuifanya ya maji. Mkemia wake akaona unga ule wayeyuka vizuri katika dayethilini glaikoli. Akapima ladha, sura na harufu, akaridhika. Kama maji yale ni sumu, hakupima; wala sheria ya mwaka 1906 haikumlazimisha kupima.

Mwezi wa Septemba dawa ikauzwa. Mwezi wa Oktoba vikaanza vifo, maana figo za wagonjwa ziliacha kufanya kazi. Serikali ikawatoa karibu wakaguzi wake wote kuifuata dawa ile chupa kwa chupa. Palipoandikwa jina na makao ya mnunuzi, mkaguzi alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Lakini wako wauza dawa ambao hawakuandika jina la mtu; hapo ilibidi kuuliza nyumba kwa nyumba. Mtoto mmoja wa miaka 3 alikuwa amehamia milimani na wazazi wake, na chupa wanayo. Daktari mmoja aliahirisha arusi yake mwenyewe apate kusaidia kumtafuta.

Watu 105 walikufa, na 34 katika hao ni watoto. Je, kampuni ilishtakiwa kwa kuua? La. Ilitozwa faini kwa sababu ya jina tu! Iliiita dawa "eliksiri", neno lenye maana ya dawa iliyotiwa kileo, na kileo hakikuwamo. Lau ingaliiita kwa jina jingine, Serikali isingalikuwa na haki hata ya kuzikamata zile chupa.

Mwezi wa Juni 1938 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria mpya: dawa mpya isiuzwe mpaka mtengenezaji aonyeshe kwamba haidhuru.

Usidhani mambo haya yamekwisha. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa ugonjwa wa figo, na Shirika la Afya la Dunia likatangaza kuwa sumu ile ile ilikutwa katika dawa za maji za kikohozi. Sheria isiyo na wapimaji ni karatasi tu.

Basi kesho mtoa dawa akikuuliza jina lako, litaje vizuri, na mahali unapokaa. Huenda siku moja akahitaji kukufuata upesi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini sheria ya 1906 haikutosha?
2. Katika zahanati yenu, chupa mbaya ikigunduliwa leo, wagonjwa watapatikanaje?

Kwa herini.