Majina Kwenye Mwamba

Tunapozungumza habari za kuwakumbuka waliotutangulia, mara nyingi mawazo yetu huenda makaburini au kwenye ibada ndani ya kanisa. Wako watu waliochagua mlima. Tarehe 8 Juni 1924, Jumapili ya Pentekoste, watu wapatao 500 walipanda Great Gable, mlima wenye kimo cha mita 899 kaskazini magharibi mwa Uingereza, wakasimama kileleni penye ukungu na mvua. Tuitazame siku hiyo, kwa maana ina neno kwetu.

Eneo hilo ni Lake District, nchi ya maziwa na milima, na kila mlima wa namna hiyo wenyeji huuita fell. Kwetu sisi tunaoujua Kilimanjaro au Mlima Kenya, mita 899 ni kilima tu. Lakini hali ya hewa ya huko haitabiriki. Kijiji cha Seathwaite, ambako njia mojawapo ya kupandia huanzia, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mtu huweza kuondoka asubuhi jua likiwaka, naye akifika Sty Head, penye njia panda katikati ya milima, akakuta wingu limeshuka na mbele hakuonekani. Huko juu hakuna mti wa kujikinga chini yake, ni mawe na upepo. Anayepanda hutegemea dira, marundo ya mawe yaliyowekwa na waliomtangulia, na sauti ya mwenzake.

Ni nini kiliwapandisha watu 500 siku ya namna hiyo? Tangu mwaka 1906 palikuwa na chama cha wapanda milima wa eneo hilo, Fell and Rock Climbing Club. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wanachama 20 hawakurudi. Wenzao wakajiuliza wawakumbuke kwa namna gani. Hawakujenga sanamu mjini. Walichanga fedha, wakanunua ardhi yenye vilele 12, na mwaka 1923 wakaikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza ardhi kwa faida ya watu wote. Kisha wakaweka bamba la shaba kwenye mwamba wa kilele cha Great Gable, lenye majina ya wale 20.

Siku ya kulizindua, bamba lilifunikwa kwa bendera iliyopepea kwenye meli ya kivita katika mapigano ya Jutland ya mwaka 1916. Aliyetoa hotuba alikuwa Geoffrey Winthrop Young, mshairi na mpanda milima mashuhuri. Wakati wa vita yeye alihudumu na magari ya kubebea majeruhi, na mwaka 1917 huko Italia alijeruhiwa, akakatwa mguu. Mtu huyo, mwenye mguu mmoja, alisimama kileleni kwenye mawe yaliyolowa, akazungumza na umati ambao nusu yake umemezwa na ukungu.

Siku hiyohiyo, mbali sana, George Mallory, rafiki wa Young, alikuwa karibu na kilele cha Everest pamoja na kijana Andrew Irvine. Mawingu yalifunguka kidogo, mwenzao akawaona kwa mbali, kisha yakajifunga. Hawakurudi tena. Waliokuwa Great Gable hawakuwa na habari. Walikuwa wakiwalilia waliokufa jana, kumbe msiba mwingine umekwisha kuingia. Ndivyo tulivyo sisi wanadamu: mbele yetu ni ukungu, Bwana peke yake ndiye aonaye njia yote.

Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni na kusimamishwa, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wapate la kuwaambia. Wapanda milima wale nao walifanya hivyo. Hadi leo, kila Jumapili ya Kumbukumbu mwezi Novemba, mamia ya watu hupanda Great Gable na kunyamaza kimya saa tano asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Tena mwaka 2013 bamba la zamani lilibadilishwa, na makosa yaliyokuwamo katika majina yakasahihishwa. Karibu miaka 90 ilikuwa imepita, na bado walijali herufi za jina la mtu.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa. Vita ileile ilipiganwa kwetu. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kubeba chakula na risasi za majeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutoka kwenye kikosi chao. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 haina jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Majina 20 yana mwamba na bamba. Hawa maelfu wana nini? Nabii Isaya anatufundisha kwamba Mungu amewachora watu wake katika viganja vyake. Kwa hiyo hakuna mpagazi aliyepotea mbele zake. Faraja hiyo ni ya kweli, lakini haituondolei wajibu. Mungu hasahau, sisi ndio tunaosahau.

Tuanze na tulicho nacho. Parokia na sharika zetu za zamani zina vitabu vya ubatizo na ndoa, vingine vinaliwa na mchwa makabatini. Wako wazee wanaojua babu yupi alichukuliwa na hakurudi. Tuwaulize wangali hai, tuandike, na siku ya kuwaombea marehemu tuyasome majina hayo kwa sauti mbele ya watoto. Tusingoje mbingu zitakate ndipo tuondoke. Wale wa Great Gable walipanda mvua ikinyesha.