Chikungunya na Istilahi za Protini za Utando

Mwaka 1952 yalizuka maradhi ya homa na maumivu makali ya viungo katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, wilayani Newala na Masasi. Wamakonde waliyaita chikungunya, yaani kile kinachopinda, kwa kuwa mgonjwa hutembea ameinama. Mwaka 1953 R. W. Ross alitenga virusi vyake. Na mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo ya mlipuko huo. Maandishi kadhaa ya ng'ambo yamedai kuwa neno hilo ni la Kiswahili. Sivyo, ni la Kimakonde, na kamusi zetu hazina budi kulitaja hivyo.

Virusi hivyo vimefunikwa na utando wa mafuta, ambao huuchukua kutoka katika seli vilimozaliwa. Katika utando huo zimechomekwa protini mbili, E1 na E2, kila moja mara 240, nazo hujikusanya kuwa miiba 80. Kwa miiba hiyo virusi hushika seli na kuingia ndani. Ndiyo sababu wataalamu walitaka kulijua umbo lake. Lakini protini ya utando ni kaidi: sehemu yake iliyozama katika mafuta hukimbia maji, na ikitolewa humo protini hugandamana na kuharibika. Basi ama huvikwa sabuni maalumu isiyo kali, ama sehemu hiyo hukatwa. Félix Rey na wenzake wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walifuata njia ya pili, wakazizalisha protini hizo katika seli za inzi, na mwaka 2010 wakatangaza umbo lake.

Hapa mfasiri hukwama. Wengi huandika "kusafisha protini". Kusafisha ni kuondoa uchafu, ilhali protini nyingine za seli si uchafu hata kidogo. Kutakasa kuna harufu ya ibada. Kuchambua kumekwisha kupewa kazi nyingine. Napendekeza kutenga, kitenzi kile kile kilichotufaa kwa Ross. Atakayehofu kuwa dhana mbili zitachanganyika, na ataje kinachotengwa: kutenga virusi, kutenga protini.

Ama utando, wako wanaoandika "ngozi". Tusiwafuate. Mwanafunzi wa Lisekese huuona utando kila asubuhi juu ya uji uliopoa.