Tunapita Uani

Ukitoka Mombasa alfajiri kwa pikipiki, jua hukutokea mkono wa kulia. Bahari nayo iko huko huko, ila huioni. Unavuka daraja la Nyali, unaziacha Bamburi na Shanzu, unafika Mtwapa, na muda wote huo habari ya bahari unaletewa na upepo tu, kila unapopata mwanya kati ya kuta. Kilomita zipatazo 120 hadi Malindi zitakwenda hivyo. Kule California wana Barabara Namba 1, ambayo kipande chake cha Big Sur kilifunguliwa mwaka 1937. Waendesha pikipiki huifuata kutoka pembe zote za dunia kwa kuwa imeshikana na jabali na Bahari ya Pasifiki haiondoki machoni. Yetu imepita nyuma ya nyumba za watu.

Kwa miaka mingi niliiona kuwa ni barabara ya kumalizwa haraka. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba miji ya pwani hii haikujengwa kuitazama. Milango yake ilikuwa ufukweni, kwa wageni walioletwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Sisi wa lami tunapita uani.

Njia za zamani zilikatiza barabara hii, hazikuifuata. Wagiriama, Wakauma na Wachonyi walishuka kutoka kaya zao, yaani makazi yao yenye boma vilimani, na pembe, sandarusi na nafaka, na waliokwea kurudi walibeba nguo, shanga na chumvi. Aliyetaka kwenda kusini au kaskazini alipanda chombo. Ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, Mtwapa, Takaungu, Kilifi, ilikuwa bandari kwa watu wa majahazi. Gari lilipokuja ndipo ikageuka kuwa kizuizi. Pale Mtwapa palikuwa na pantoni iliyovutwa kwa mikono, wanaume wakishika mnyororo na kuimba ili wavute kwa pamoja. Leo pikipiki huvuka daraja kabla hujamaliza kubadilisha gia.

Kwa hiyo mtindo wangu ni huu: kila penye historia naiacha lami na kushika njia ya kulia. Pikipiki inafaa kwa safari hii kuliko gari, maana njia nyingi za kuelekea baharini ni nyembamba na zina mchanga. Vijana wa bodaboda wanazijua zote. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki za injini ndogo, wao ndio wamefungua upya vichochoro ambavyo lami iliviacha.

Baada tu ya Mtwapa, njia ya kulia inakupeleka Jumba la Mtwana. Ni mji wa karne ya 14 uliohamwa katika karne ya 15, na msikiti wake uko karibu na maji kiasi kwamba sauti ya mawimbi inafika kibla. Mbele zaidi, baada ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, iko njia ya Takaungu. Huko ilijikusanya sehemu ya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, baada ya kuupoteza mji huo mwaka 1837, na ugomvi wao wa urithi wa mwaka 1895 ukawasha vita na Waingereza vilivyoenea pwani nzima, hadi mwaka uliofuata Mbaruk bin Rashid, Mmazrui mwenzao wa Gazi, alipovuka na kuingia upande wa Wajerumani. Ukiuona mji wenyewe, na ukimya wake wa adhuhuri, utashangaa kwamba moto ule ulianzia hapo.

Kilifi ndipo barabara inapokuonyesha bahari bila kuombwa. Daraja lililofunguliwa mwaka 1991, kwa msaada wa Japani, linapita juu sana ya maji, na hapo kila mtu hupunguza mwendo. Kabla ya mwaka huo palikuwa na kivuko, na foleni yake iliwalazimisha wasafiri kusimama, kununua korosho na kuzungumza. Ninafurahia daraja, kwani mgonjwa wa usiku hasubiri tena pantoni. Hata hivyo foleni ile ilikuwa ikiwapa watu nafasi ya kukiona kilicho juu yao. Kwenye ukingo wa kusini, juu ya maji, uko mji wa kale wa Mnarani. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapo katika miaka ya 1950 akakuta msikiti wa Ijumaa wenye nakshi nyingi za maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye matumbawe. Mji uliangamia mwanzoni mwa karne ya 17, wakati wa mashambulizi ya Waoromo. Ukisimama kwenye kaburi lake la mnara, magari yanapita darajani karibu nawe, na abiria wengi hawajui kwamba wametazamwa.

Kutoka Kilifi hadi Mida hali inabadilika. Baada ya mikorosho na minazi, msitu wa Arabuko Sokoke unaanza upande wa kushoto. Una kilomita za mraba zipatazo 420, na ni mabaki makubwa kuliko yote ya msitu wa mwambao uliowahi kuenea Afrika Mashariki. Zima injini hapo dakika tano tu. Baridi ya msitu inatoka hadi barabarani.

Kisha Gede, mahali ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine. Mji huu unaikataa kanuni niliyoieleza. Hauko ufukweni, uko kilomita kama sita kutoka bahari kuu, ndani ya miti, na bado ulikuwa tajiri. Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na nyumba akazipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha ya China. Napenda majina hayo kwa sababu yanawataja watu kwa vyombo vyao. Mtu aliishi hapa, alikata nguo, aliwasha taa. Kaburi moja lina tarehe, mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Katika karne ya 17 mji ulibaki mtupu, mibuyu na migandi ikaingia vyumbani. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Wenyeji walikuwa wakiuheshimu tangu zamani, wakisema una wenyewe wasioonekana.

Malindi nitaipita upesi, maana inasimuliwa sana. Twiga wake alifika kwa mfalme wa China mwaka 1415. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi India, na nguzo ya Wareno bado iko kwenye rasi. Watalii wote hupelekwa pale. Wachache huelezwa kwamba mji huo ulififia baada ya mtawala wake kuhamia Mombasa katika miaka ya 1590, na kwamba Malindi tunayoiona ilianza upya mwaka 1861, Sultani Majid wa Unguja alipoirudisha kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Damu na jasho la watu wale halina nguzo kwenye rasi, na hilo linaniuma.

Kaskazini ya mji, lami inafika mto Sabaki. Maji yake ni mekundu kwa udongo wa bara, na yanatia rangi bahari hadi mbali. Mwaka 1914 Waingereza waliufanya mto huu mpaka: Wagiriama waliokuwa wakilima ng'ambo ya kaskazini waliamriwa wavuke warudi kusini, ili kazi yao ipatikane mashambani mwa wengine. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alikuwa amekwisha kuwaonya watu wake. Mwaka 1913 alizunguka vijijini na ngoma ya kifudu, akiwaapisha watu wasitoe vijana wao kwa kazi za Waingereza. Waingereza walimpeleka kifungoni Kisii, magharibi kabisa ya nchi, akatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti, na nyumba za ng'ambo ya mto zikachomwa.

Jioni mimi husimama kwenye daraja la Sabaki, pikipiki ikiwa imeegeshwa ukingoni. Zinapita bodaboda zenye magunia ya mahindi, mama amekaa upande na mtoto mgongoni, wanafunzi watatu kwenye kiti kimoja. Wanavuka kwenda Mambrui, Marereni, Marafa, na wengine wanarudi.