Kuacha Matibabu kama Kigezo cha Matokeo: Majaribio ya Retinoblastoma katika Bonde la Ufa la Kati

Watafiti wengi wa uvimbe wa kurithi ulio nadra wanakubaliana sasa kwamba jaribio la kimatibabu humweka mgonjwa mbele pale linapompima kwa maneno yake mwenyewe, yaani linapomuuliza kuhusu maumivu, uchovu na shughuli zake za kila siku badala ya kuridhika na ukubwa wa uvimbe unaoonekana kwenye picha. Mfano unaotajwa sana ni wa nyurofibromatosi ya aina ya kwanza, ugonjwa wa jeni unaootesha vivimbe kwenye mishipa ya fahamu. Jaribio la dawa ya selumetinib lililofanyika Marekani kwa watoto 50 lilionyesha kupungua kwa uvimbe kwa takriban asilimia 70 ya watoto hao, likarekodi pia maumivu kama watoto na wazazi walivyoyaeleza, na dawa ikaidhinishwa huko Aprili 2020. Mafanikio hayo hayabishaniwi hapa. Kinachobishaniwa ni dai kwamba muundo huo unaweza kuletwa Nakuru na kaunti jirani ulivyo, kwa kuwa dodoso, hata liwe zuri kiasi gani, halisemi lolote juu ya mtoto ambaye hakurudi hospitalini kulijaza.

Ugonjwa unaofaa kupimia dai hilo ni retinoblastoma, saratani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano na ambayo dalili yake ya kawaida ni mboni kung'aa weupe. Kuhusu chanzo chake hakuna mabishano: mwaka 1971 Alfred Knudson alipendekeza kuwa inahitaji mapigo mawili, kila moja likiharibu nakala moja ya jeni, na jeni yenyewe, RB1, iliyo kwenye kromosomu ya 13, ikatambuliwa mwaka 1986. Mtoto mwenye uvimbe katika macho yote mawili huwa na aina ya kurithishwa, na kila atakayemzaa baadaye ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipokea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba nchini Kenya hupatikana mgonjwa mmoja kwa kila watoto 17,030 wanaozaliwa hai. Kwa kadirio hilo nchi nzima hupata wagonjwa wapya wasiofika mia moja kwa mwaka, na Kaunti ya Nakuru, iliyokuwa na watu wapatao milioni 2.16 kati ya milioni 47.6 katika sensa ya 2019, haitarajiwi kuwa na zaidi ya wanne au watano. Jaribio linalowagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu haliwezi kusimama kwa idadi hiyo bila kuunganisha kaunti nyingi, na hata likiunganisha, kila mtoto anayepotea njiani huondoka na sehemu kubwa ya uwezo wa utafiti kutoa jibu.

Na watoto hupotea. Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, inayopokea wagonjwa kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa. Festus Njuguna, Saskia Mostert na wenzao, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014, walifuatilia watoto wenye saratani za aina mbalimbali waliogunduliwa kati ya 2007 na 2009, wakakuta kwamba asilimia 54 waliacha matibabu, huku asilimia 19 tu wakiendelea kuishi bila ugonjwa kurejea. Waliokuwa na bima ya taifa waliacha kwa kiwango kidogo kuliko wasiokuwa nayo. Watafiti hao hawakuishia kwenye majalada, bali walizifuata familia majumbani, na wazazi wakataja ukosefu wa fedha, ugumu wa kupata bima na shida ya usafiri, pamoja na jambo ambalo waandishi wenyewe walilihesabu kuwa limepuuzwa: hofu ya mtoto kuzuiliwa wodini hadi bili ilipwe. Mzazi aliyekwisha kuona hayo hana sababu ya kuamini fomu ya ridhaa inayomwambia kwamba yu huru kujitoa wakati wowote, na ni vigumu kuona jinsi uhuru huo, ambao ndio msingi wa maadili ya utafiti, ungeweza kuwa wa kweli kwake. Mahakama Kuu ilikwisha kutamka mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kukiuka haki zake. Itifaki ya jaribio, yaani hati inayoeleza hatua zake zote, inapaswa kutamka hivyohivyo na kubainisha nani atalipa.

Takwimu za Eldoret si za retinoblastoma peke yake, lakini hilo halizipunguzii uzito hapa, kwa kuwa sababu zilizotajwa hazitokani na aina ya uvimbe. Zikichukuliwa kwa uzito, athari yake kwa muundo wa jaribio ni kubwa. Desturi ya kuwaandika walioacha matibabu kuwa ni taarifa zilizokosekana huifanya dawa ionekane bora kuliko ilivyo, kwa kuwa wanaobaki kuhesabiwa ni wenye bima na wanaokaa karibu na barabara kuu. Wataalamu wa saratani za watoto walikwisha kupendekeza mwaka 2011 kwamba kutoanza au kutoendelea na tiba kwa wiki nne mfululizo au zaidi kuhesabiwe kuwa ni kuacha matibabu, na pendekezo la makala hii linasonga mbele ya hapo: katika Bonde la Ufa, kumaliza matibabu kuwe kigezo kikuu cha matokeo sambamba na kuishi.

Pingamizi la kwanza ni la wanatakwimu, kwamba kufanya hivyo ni kuiadhibu dawa kwa makosa ya barabara na ya bima. Lakini mwongozo wa kimataifa wa takwimu za majaribio uliokamilishwa mwaka 2019 unawataka watafiti waeleze mapema jinsi watakavyoyashughulikia matukio yanayoingilia kati tiba, na unaruhusu makadirio mawili kutolewa pamoja: moja la dawa kama ingetumiwa hadi mwisho, na jingine la matibabu kama yalivyotokea. Wizara inayopanga huduma inahitaji zaidi hili la pili. Pingamizi la pili, kwamba kulipia nauli ni kumshawishi maskini aingie kwenye utafiti, ni dhaifu zaidi, kwa kuwa mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa afya, ule wa CIOMS wa mwaka 2016, unakubali washiriki kurudishiwa gharama zao. Nauli yenyewe nayo inaweza kupunguzwa: familia ya Marigat inayotakiwa Nairobi kila baada ya wiki tatu hupita Nakuru ikiwa bado na kilomita 160 mbele yake. Upasuaji na vipimo vya picha vikibaki katika hospitali za Kenyatta au Kikuyu, hakuna sababu ya kitabibu ya mizunguko ya kawaida ya dawa za saratani, yaani vinkristini, karboplatini na etoposidi, pamoja na hesabu ya chembe za damu, kutofanyika katika hospitali ya rufaa ya Nakuru.

Limebaki suala la jicho lenyewe. Majaribio ya nchi tajiri hupenda kuhesabu macho yaliyookolewa, na yana haki, kwa sababu huko ugonjwa hugunduliwa mapema: utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 4,351 uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba saratani ilikuwa imekwisha kuenea mwilini kwa asilimia 0.3 ya watoto wa nchi za kipato cha juu, dhidi ya asilimia 18.9 katika nchi za kipato cha chini. Kenya ni nchi ya kipato cha kati cha chini, ila kigezo cha kuokoa jicho kingeihukumu vibaya hata hivyo, kwa kumhesabu mtoto aliyeondolewa jicho mapema na kupona kuwa ni kushindwa, na kwa kumwongezea mzazi anayesita sababu ya kuchelewa. Kinachoweza kuupunguza woga wa jicho kuondolewa ni jicho bandia lililowekwa kwenye bajeti tangu mwanzo, na mazungumzo na mzazi ambaye mtoto wake analo na anasoma shule kama wenzake. Ndugu wa mgonjwa nao wachunguzwe macho tangu wakiwa wachanga, na haki hiyo iendelee hata familia ikijitoa, huku majibu ya vipimo vya jeni yakilindwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ili mama asije akalaumiwa ukweni.

Kamati za maadili zina uwezo wa kukataa jaribio la retinoblastoma lisilo na fungu la nauli, la jicho bandia na la uchunguzi wa ndugu, na zinapaswa kuutumia. Ni kweli kwamba takwimu za Eldoret zilikusanywa kabla ya Mamlaka ya Afya ya Jamii kuchukua nafasi ya bima ya zamani Oktoba 2024, na huenda kiwango cha kuacha matibabu kimebadilika. Kwa sababu hiyo, mwaka wa kwanza wa jaribio lolote Nakuru ungetumiwa vyema kukipima upya, kwa kuwafuata watoto nyumbani kama walivyofanya watafiti wa Eldoret, kabla ya mgonjwa yeyote kugawiwa dawa mpya.